Mitaro, majitaka na kufukia bahari: mwongozo kamili wa kupanga jiji la bandari, kwa mfano wa Dar es Salaam

Dar es Salaam ina ofisi nyingi zinazoshughulika na maji. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na halmashauri zina mitaro ya mitaa. TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, ina mitaro ya barabara kuu. DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ina majitaka. Mamlaka ya Bandari ina gati na ufukwe wake, na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ndiyo yenye mito. Kila moja huchora mchoro wake, hutafuta fedha zake na kujenga kwa wakati wake. Masika yakifika, maji ya ofisi zote hizo hukutana sehemu moja: mdomoni mwa mto, bahari ikiwa imejaa.

Mwongozo huu unasimama juu ya jambo moja. Mitaro ya mvua, majitaka na ardhi inayofukiwa baharini ni hesabu moja ya mwinuko. Ukizipanga pamoja, kuanzia baharini kwenda juu, maji hupata njia. Ukizipanga mbalimbali, kila mradi mpya unauharibia ule wa jirani yake. Mfano wangu ni Dar es Salaam, jiji la watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, lakini hatua zilezile zinafaa Tanga, Mtwara, Mombasa na Unguja. Nawaandikia wahandisi wa halmashauri, madiwani, wanafunzi wa mipango miji, na wenyeviti wa serikali za mitaa ambao ndio wanaogongewa milango usiku maji yanapoingia ndani.

Hatua ya 1: Pima bahari kwanza

Wapangaji wengi huanza na barabara, kwa sababu mtaro hujengwa kando ya barabara. Anza na mdomo wa mtaro, pale unapomwaga maji. Usipojua bahari inapanda hadi wapi pale, vipimo vyako vingine vyote ni kubahatisha.

Kila mvuvi wa Kigamboni anajua kwamba bahari ina bamvua na maji mafu. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa Dar es Salaam huzidi mita 3. Siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri. Kwa hiyo mvua kubwa ya alasiri siku ya bamvua ndiyo hali mbaya ambayo mtaro wako lazima uimudu.

Chukua jedwali la maji kujaa na kupwa, kisha nenda mwenyewe. Siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa, shuka hadi mdomo wa mtaro, pale unapomwaga ufukweni au kwenye kijito chenye mikoko, na upige alama za rangi ukutani kila sentimita kumi, kuanzia sakafuni hadi ukingoni. Rudi saa kumi alasiri usome bahari imefika alama ipi. Kisha tembea juu ukifuata mtaro uone maji ya chumvi yanapanda hadi wapi. Mara nyingi utakuta yamepanda mamia ya mita ndani ya mtaa, jua likiwaka na mvua hakuna. Urefu huo wote wa mtaro umeshajaa kabla tone la mvua halijadondoka.

Kuna mtego hapa unaoharibu michoro mingi. Sifuri ya ramani za mabaharia si sifuri ya wapima ardhi. Ile ya baharini iko karibu na mahali maji yanapokupwa kabisa. Ile ya nchi kavu iko karibu na wastani wa bahari. Tofauti yake pwani yetu inazidi mita moja na nusu. Mwambie mpima ardhi akuunganishie sifuri hizo mbili kwa maandishi, na kila mchoro wa mradi, wa mtaro, wa bomba au wa gati, utumie sifuri moja.

Kisha ongeza bahari ya kesho. Jopo la kimataifa la wataalamu wa tabianchi, IPCC, linakadiria kwamba wastani wa bahari duniani ulipanda takriban mita 0.20 kati ya 1901 na 2018, na kwamba kufikia 2100 unaweza kuwa umepanda kati ya mita 0.28 na 1.01 kulingana na gesi tutakazozalisha. Kwa maoni yangu, mtaro unaotakiwa kudumu miaka 50 uongezewe nusu mita, na ardhi unayofukia baharini uiongezee mita nzima. Mtaro unaweza kuvunjwa na kujengwa upya. Ardhi iliyokwisha kujengewa ghala na nyumba haiinuliwi tena.

Hatua ya 2: Litembee bonde lote

Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita katikati ya jiji, unaingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Bonde lake lina takriban kilomita za mraba 289. Anayepanga Jangwani, sehemu ya chini ya bonde, bila kufika Pugu anapanga robo ya tatizo. Miteremko iliyokatwa miti kule juu huleta mchanga, na mchanga huo ndio unaojaza mto kule chini hadi daraja linabaki na uwazi mdogo wa kupitisha maji. Ongeza hapo Mto Ng'ombe unaopita Sinza, na upande wa kusini Kizinga na Mzinga inayoingia kwenye mkono wa bahari wa bandari yenyewe.

Ramani za zamani hazitoshi. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu, kikiwemo Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wakazi wa mitaa, kuchora mitaro ya Dar es Salaam kwenye ramani huria ya mtandaoni. Walipima upana na kina, wakaandika mtaro umejengwa kwa nini na kama umeziba. Njia hiyo iigwe kila mji wa pwani, kwa sababu ni rahisi na inawaweka wenye mtaa ndani ya kazi tangu siku ya kwanza.

Unapopita mitaani, waulize wazee maji yalifika wapi Desemba 2011. Mvua za siku zile ziliua zaidi ya watu 40 Dar es Salaam, na waliokuwepo hawajasahau. Wengi watakuonyesha kwa mwili: gotini, kiunoni, kifuani. Pima pale pale, kutoka sakafu ya nyumba hadi kwenye kiuno cha anayekuonyesha, andika, kisha unganisha na alama ya mpima ardhi. Ukipata nukta za kutosha kwenye kata moja utakuwa na mstari wa mafuriko unaoaminika kuliko kompyuta isiyo na data.

Katika ramani yako weka rangi tofauti kwa mambo haya: mitaro iliyojengwa, mitaro ya udongo, makalavati, chemba za majitaka, maeneo ya mikoko, sehemu zinazotupwa taka, na vyoo vilivyo ndani ya mstari wa mafuriko. Hicho cha mwisho huachwa mara nyingi, na nitaeleza chini kwa nini ni kosa kubwa.

Hatua ya 3: Hesabu maji ya mvua, kisha yashushe hadi baharini

Kwa maeneo madogo, fomula ya kawaida inatosha: Q = C × i × A ÷ 360. Q ni mita za ujazo kwa sekunde, i ni ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, A ni eneo kwa hekta, na C ni sehemu ya mvua inayotiririka bila kunywewa na ardhi. Kwenye bustani yenye mchanga C ni kama 0.2, kwenye makazi yaliyobanana yenye mabati na sakafu za saruji ni kama 0.7, kwenye lami hukaribia 0.9. Takwimu za mvua ziombe Mamlaka ya Hali ya Hewa, na usitumie wastani wa mwezi. Unahitaji mvua ya dakika 15, 30 na 60. Kwa mto mzima kama Msimbazi fomula hii haitoshi. Hapo unahitaji modeli ya bonde, yaani hesabu ya kompyuta inayofuata maji kwenye bonde zima.

Chagua pia unajikinga na mvua ya kiasi gani. Kwa mitaro ya mtaa, mvua ya miaka 10, yaani ile yenye nafasi moja kati ya kumi kutokea katika mwaka wowote. Kwa mitaro mikubwa, ya miaka 25. Kwa mito na madaraja, kati ya 50 na 100.

Sasa mfano. Mtaa una hekta 20, C ni 0.7, mvua ya usanifu, yaani ile uliyochagua kujikinga nayo, ni milimita 80 kwa saa. 0.7 × 80 × 20 ÷ 360 inatoa mita za ujazo 3.1 kwa sekunde. Maji yakienda kwa mwendo wa mita 1.5 kwa sekunde, ambao unatosha kusukuma mchanga, unahitaji mtaro wa zege wenye upana wa mita 1.8 na maji ya kina cha mita 1.2. Ili kupata mwendo huo, mtaro unahitaji mteremko wa takriban mita 1.2 kwa kila kilomita.

Wengi huishia hapo na kupeleka mchoro kwa mkandarasi. Endelea. Tuseme ardhi ya mtaa iko mita 3 juu ya wastani wa bahari, na mdomo wa mtaro uko kilomita 2 kutoka hapo. Kina cha maji ni mita 1.2, weka sentimita 20 za akiba juu yake. Sakafu inaanzia mita 1.6. Kilomita 2 zinakula mita 2.4 za mteremko. Mdomoni, sakafu iko sentimita 80 chini ya wastani wa bahari, na uso wa maji yanayotoka uko sentimita 40 juu yake. Lakini bamvua ikijaa, bahari iko zaidi ya mita moja na nusu juu ya wastani huohuo. Maji ya mvua yanakuta bahari imeyazidi kwa mita moja na ziada. Yanarudi, na yanatokea kwenye sehemu ya chini kabisa ya mtaa. Mtaro wenyewe hauna ufa wala haujaziba, na wakazi watasema mkandarasi ameiba.

Hesabu hiyo ifanye kwa kila mtaro mkubwa, iandike kwenye karatasi moja, na karatasi hiyo iende kwenye kila kikao. Kwenye safu yake ya mwisho andika: mdomo huu unafungwa na bahari kwa muda gani siku ya bamvua?

Hatua ya 4: Yape maji mahali pa kusubiri

Bahari hujaa na kupwa kwa takriban masaa sita kila upande. Mdomo wa mtaro ukifungwa kwa masaa manne, tunachohitaji ni mahali pa maji kusubiri masaa manne. Kwa mtiririko wa wastani wa mita moja ya ujazo kwa sekunde hiyo ni mita za ujazo 14,400. Bwawa lenye kina cha mita 1.5 linahitaji karibu hekta moja, zaidi kidogo ya kiwanja cha mpira. Kwa kweli linaweza kuwa kiwanja cha mpira, kilichochimbwa chini kidogo, ambacho vijana wanacheza mwaka mzima isipokuwa siku chache za masika.

Mdomoni weka mlango wa bawaba unaofunguka maji ya mvua yakisukuma na kujifunga bahari ikipanda. Ni kifaa rahisi, lakini chupa moja ya plastiki ikikwama inatosha kukiacha wazi, kwa hiyo weka chekeche la nondo mbele yake na mtu wa kulisafisha mwenye jina na mshahara. Pampu zije mwisho. Pampu inahitaji umeme usiku wa dhoruba, yaani wakati ule ule umeme unapokatika.

Kwa mto wenyewe, mpango wa bonde la Msimbazi umechukua mwelekeo ninaouunga mkono. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili yake. Badala ya kuubana mto kwa kuta, sehemu ya chini ya bonde inachimbwa na kupanuliwa ili maji yapate nafasi, udongo unaochimbwa unatumika kuinua kingo za pembeni zinazofaa kujengwa, barabara ya Jangwani inapata daraja refu, na karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyokuwa bondeni inahamishwa. Ile karakana ni somo kwa kila mpangaji: iliwekwa Jangwani na mafuriko yakaifuata mara kwa mara. Bonde ni sehemu ya mto. Mto hulitumia kwa siku chache kila mwaka, na siku hizo lazima tuuachie.

Hatua ya 5: Majitaka

Kanuni ya kwanza: bomba la majitaka na mtaro wa mvua visikutane. Mvua ikiingia kwenye bomba, chemba zinafumuka na kinyesi kinatembea barabarani. Majitaka yakiingia mtaroni, watoto wanacheza ndani yake. Kataza kwa sheria ndogo kuunganisha mabomba ya paa kwenye chemba, na kagua. Ukaguzi wake si mgumu: mimina maji yenye rangi kwenye bomba la paa na uangalie chemba ya mbele.

Kanuni ya pili: panga kwa ajili ya vyoo vilivyopo. Sehemu kubwa ya wakazi wa Dar es Salaam hawajaunganishwa na bomba la majitaka. Wanatumia vyoo vya shimo na makaro. Bondeni, ambako maji ya ardhini yako karibu na gari la kunyonya haliwezi kupita vichochoro, kuna tabia ya kutapisha vyoo. Mvua kubwa ikianza, ukuta wa shimo unatobolewa na tope kinyesi linaachiwa liende na maji. Ndiyo maana niliomba vyoo vilivyo ndani ya mstari wa mafuriko vichorwe kwenye ramani. Kipindupindu mijini kwetu hufuata mvua kwa sababu kama hizi, na mtaro mpya usioambatana na huduma ya vyoo unasafirisha ugonjwa kwa kasi zaidi kwenda kwa jirani wa chini.

Kwa hiyo kabla ya bomba kubwa, weka mambo mawili. La kwanza ni huduma halali na nafuu ya kunyonya mashimo kwa mashine ndogo zinazoingia vichochoroni, na vituo vya kupokea tope karibu, ili dereva asishawishike kulimwaga mtoni. La pili ni mabomba membamba ya kina kifupi yanayopita uani na vichochoroni badala ya chini ya barabara. Katika kata ya Vingunguti yamejengwa kwa ushirikiano na wakazi na kuunganishwa na mabwawa ya DAWASA ya kusafishia majitaka. Yanagharimu kidogo kuliko mtandao wa kawaida na yanafika pale ambapo lori halifiki.

Sasa ukubwa wa mtambo wa kusafisha majitaka, tuseme wa mabwawa. Chukua kata zenye watu 50,000, kila mmoja akitumia lita 100 za maji kwa siku. Asilimia 80 ya maji hayo hugeuka majitaka, yaani mita za ujazo 4,000 kwa siku. Kila mtu huzalisha takriban gramu 40 za uchafu unaokula oksijeni, kipimo kinachoitwa BOD. Jumla ni kilo 2,000 kwa siku. Kwa joto la nyuzi 25, bwawa la kwanza lisilo na hewa, lenye kina cha mita 4, linamudu gramu 350 kwa kila mita ya ujazo kwa siku. Linahitaji ujazo wa mita 5,700 hivi na linaondoa karibu asilimia 70 ya uchafu. Kilo 600 zilizobaki ziende bwawa la pili la kina cha mita 1.5, ambalo linamudu kilo 350 kwa hekta kwa siku: hekta 1.7. Kisha mabwawa matatu ya kukomaza maji, yenye kina cha mita moja, kila moja likikaa na maji siku tatu: hekta 1.2 kila moja. Jumla ni hekta 5.5 za maji. Ukiweka matuta na njia za magari, tafuta hekta 7.

Hekta saba mjini ni ghali, na ndiyo sababu mitambo ya mashine inavutia. Mimi bado napendelea mabwawa kila ardhi inapopatikana. Jua la pwani linafanya kazi bure, hayana mota ya kuungua, na yanaua vijidudu vizuri. Mtambo wa mashine unafaa pale ardhi imekwisha kabisa, kwa sharti kwamba fedha za umeme na vipuri zimetengwa kabla ya jiwe la msingi. Vyovyote iwavyo, kiwango cha taifa cha maji yanayoachiwa ni miligramu 30 za BOD kwa lita, na maabara ipime kila wiki.

Mahali pa mtambo pana masharti yanayopingana: pawe chini ili majitaka yatiririke yenyewe, na pawe juu ya mafuriko. Mabwawa ya Vingunguti yako kando ya Msimbazi. Tuta likilika na mto, majitaka yote ya ndani yanaingia mtoni kwa usiku mmoja. Weka ukingo wa tuta juu ya mafuriko ya miaka 100, na zuia mto kulila kwa gabioni, yaani masanduku ya waya yaliyojazwa mawe.

Mabomba yaliyo karibu na bahari yana adui mwingine. Yanalala chini ya usawa wa maji ya ardhini, na maji ya chumvi yanapenya kwenye viungo vibovu. Pampu zinasukuma bahari bila mtu kujua, na chumvi inavuruga vijidudu vinavyosafisha. Juu ya hapo, majitaka ya joto yakikaa muda mrefu bombani hutoa gesi yenye harufu ya yai bovu inayogeuka tindikali na kula zege. Tumia mabomba ya plastiki yenye viungo vya mpira, weka mteremko wa kutosha maji yaende angalau mita 0.6 kwa sekunde mara moja kila siku, na usimruhusu fundi yeyote kuingia kwenye chemba bila kipima gesi, kamba na wenzake wawili juu. Gesi hiyo inaua kwa dakika chache.

Kuna swali la bomba la kumwaga baharini. Kwa miaka mingi majitaka ya katikati ya Dar es Salaam yamepelekwa baharini kwa bomba bila kusafishwa. Bahari si mtambo. Bomba la kina kirefu linakubalika kwa maji yaliyokwisha kusafishwa tu, likipita nje ya matumbawe, likiwa na matundu mengi mwishoni, na mikondo ikiwa imepimwa kwa misimu yote miwili, kaskazi na kusi, kwa sababu kinachoondoka Januari kinaweza kurudi ufukweni Julai.

Hatua ya 6: Kufukia bahari

Hii huja baada ya hizo nyingine, na mara nyingi jibu sahihi ni kutofukia. Rudi kwenye mtaro wetu. Ukifukia mita 500 za bahari mbele ya mdomo wake, mtaro unarefuka nusu kilomita na kupoteza sentimita 60 zaidi za mwinuko. Umezamisha mtaa wa nyuma kwa kujenga gati la mbele. Wapangaji wa bandari hawakusudii hivyo. Hawajaonyeshwa ile karatasi ya Hatua ya 3.

Unguja imeishi na jambo hili. Mkondo wa bahari uliokuwa ukitenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, pale Darajani, ulifukiwa kwa awamu hadi katikati ya karne ya 20. Mji ulipata barabara, soko na viwanja, lakini maeneo hayo yalibaki chini, na Mnazi Mmoja hutuama maji mvua inapokutana na bamvua.

Ukiamua kufukia, fuata mpangilio huu. Kwanza acha mfereji mpana kati ya nchi ya zamani na mpya, wenye mdomo wake wa baharini, ili mitaro yote iliyopo iendelee kumwaga ilipokuwa ikimwaga. Hili peke yake huokoa mji. Pili, toboa udongo wa chini. Kwenye midomo ya mito yetu kuna tope laini la mikoko ambalo huendelea kudidimia kwa miaka. Mtaalamu wa udongo atakuambia litashuka kiasi gani. Dawa yake ni kuchomeka tambi nyembamba za plastiki wima zinazotoa maji topeni, kisha kurundika mchanga wa ziada juu na kusubiri miezi hadi vipimo vionyeshe limetulia. Anayejenga kabla ya hapo ataona sakafu za maghala zikipasuka.

Tatu, jenga ukingo wa mawe kabla ya kumwaga mchanga, na kitambaa cha kuchuja nyuma ya mawe, la sivyo kila wimbi linatoka na kiganja cha mchanga. Nne, jua mchanga unatoka wapi. Hekta 10 zikiinuliwa mita 5 ni mita za ujazo 500,000, sawa na safari 50,000 za lori la mita 10. Mito yetu haiwezi kutoa hizo bila kuporomosha kingo na madaraja. Mchanga wa baharini nao una wenyewe: Kwale, nchini Kenya, wavuvi na wakazi walipinga uchimbaji wa mchanga baharini kwa ajili ya mradi wa reli ya kisasa, SGR. Chanzo kizuri ni bandari yenyewe inapoongezwa kina, kama ilivyofanyika gati za Dar es Salaam zilipochimbwa kufikia mita 14.5, ilimradi udongo upimwe sumu kwanza. Kifusi chenye taka za mjini kisitumike hata kidogo.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka bahari na mito, na mradi wa aina hii unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira kupitia NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira. Kwenye tathmini hiyo usikubali mikoko iandikwe kama "uoto". Mkoko unavunja wimbi, unashika tope na unalea kamba na samaki. Ukihesabu gharama ya ukuta wa bahari utakaoziba nafasi yake, mara nyingi mradi wa kufukia haulipi.

Hatua ya 7: Watu wa bondeni

Baada ya mafuriko ya 2011, wakazi wa bondeni walipewa viwanja Mabwepande, mbali na soko, kazi na shule zao. Wengi walirudi. Hawakurudi kwa ukaidi. Maisha yao yalikuwa mjini. Mpango wa kuhamisha watu uwe na nyumba ndani ya umbali wa nauli moja ya daladala, fidia ilipwe kabla ya kubomoa, na wapangaji wahesabiwe pamoja na wenye nyumba. Bonde lililoachwa lipewe kazi mara moja, bustani, viwanja vya michezo, mashamba ya mboga yenye maji yaliyopimwa. Eneo tupu litavamiwa ndani ya mwaka.

Hatua ya 8: Utaratibu wa kujenga na kutunza

Jenga kuanzia chini kwenda juu: mdomo wa mtaro na mlango wake, kisha bwawa la kusubiria, kisha mtaro mkuu, mwisho mitaro ya mitaa. Ukianza na mitaa ya juu, unawapelekea wa chini maji mengi kwa kasi zaidi. Majitaka vivyo hivyo, mtambo kwanza, bomba kuu, ndipo viunganisho vya nyumba.

Katika kila mkataba tenga fedha za matunzo ya miaka mitano, na zilipwe kwa kazi iliyokaguliwa. Tope la mabwawa lipimwe kila mwaka kwa fimbo yenye kitambaa cheupe, na bwawa la kwanza liondolewe tope likijaa theluthi. Mitaro isafishwe mara mbili, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Mchanga unaotolewa usirundikwe ukingoni, kwa sababu mvua ya kwanza inaurudisha. Lori liwepo siku ile ile. Mwenyekiti wa mtaa atie saini baada ya kuutembea mtaro mwenyewe hadi mdomoni, siku ya bamvua, saa kumi alasiri.